Kijito Kati Yangu na Oonk

Mimi naitwa Rieka Wolbers, na kama kuna mtu anadhani kijito ni kitu cha kukaa kando yake na kutuliza roho, aje kwangu nimkabidhi reki. Kati ya shamba langu na la Derk Oonk kinapita kijito. Sheria yetu hata ng'ombe anaielewa: mwenye ukingo husafisha upande wake mpaka katikati ya maji, na kila Novemba wakaguzi wanapita na gambuti zao kuangalia. Upande wangu ulikuwa safi. Upande wa Oonk, jamani, ulikuwa msitu. Matete, tope, na tangu dhoruba ya mwezi wa nane mti mzima umelala ndani ya maji. Maji yakizibwa hayaulizi mpaka uko wapi. Yakaja kwangu, na malisho yangu ya chini yakawa bwawa la bata.

Mwaka mwingine ningenung'unika tu, basi. Mwaka ule nilikuwa nauza nyumba na shamba. Tangu mume wangu Bernard afariki, mtu ninayezungumza naye zaidi ni mtangazaji wa redio, na yeye hanijibu. Binti yangu Marloes, aliyeko mjini Zwolle, alinitafutia nyumba ya kupanga iliyopakana na yake, ya chini, isiyo na ngazi. Nilitaka kuwasikia wajukuu wangu wakigombana nyuma ya ukuta. Nilikitaka kitu hicho mpaka nikawa naota. Mwenye nyumba alikubali kunisubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi.

Wanunuzi walikuwa mtu na mkewe, Thijmen na Sterre, kutoka Amsterdam. Nyumba waliipenda. Walipokwenda kuona malisho, viatu vyao vyeupe vikazama kwenye tope.

"Tutarudi Jumamosi, mama," Thijmen alisema. "Kijito kikiwa wazi, tunapeana mkono siku hiyohiyo."

Ningeweza kumshtaki Oonk kwa wakaguzi. Thubutu! Oonk ni jirani yangu wa kwanza. Nilipoolewa hapa, tulimwalika, tukanywa naye pombe kali kidogo, na kwa kikombe kile tukawa tumefungana: ng'ombe wangu akizaa vibaya, Oonk anakuja. Bernard alipofariki, Oonk ndiye aliyesimamisha saa ya ukutani, akapita nyumba kwa nyumba kupeleka habari, akatangulia mbele ya jeneza. Hiyo kwetu si hisani, ni wajibu, na hauishi mpaka mmoja wenu ahame au afe. Mtu wa namna hiyo humpeleki kwa wakubwa. Unavuka daraja, unamsema usoni.

"Oonk, ule mti," nilimwambia.

"Mti gani?"

"We mzee, usijifanye hamnazo. Uliolala majini kama mlevi wa harusini."

"Aa, huo! Kifua hiki, Rieka. Kifua hakinipi nafasi."

"Jana umepasua kuni kutwa nzima, nimekusikia mpaka jikoni kwangu!"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wale wa Amsterdam wanarudi lini?"

"Jumamosi."

"Basi nitautoa Jumapili."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikahisi masikio yanawaka. "Kumbe unaniziba makusudi!"

"Ndiyo," alisema, wala hakuinamisha macho. "Sina mke, sina mtoto. Ukienda, nani atanifumba macho? Nani atapita nyumba kwa nyumba kusema Oonk amekufa? Hao? Wale wanamshtaki hata jogoo kwa kuwika."

"Kwa hiyo mimi nioze hapa nikingoja ufe?"

"Sitakawia. Mimi mzee."

"Ulisema hivyohivyo Bernard akiwa hai, akakutangulia! Una roho mbaya, Oonk. Mwanangu ananingoja, na wewe umenifunga kwa gogo!"

Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Siku zote tunaambiwa afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu aliye mbali. Aliyeyasema hayo hakuwahi kukaa na Oonk.

Jumamosi asubuhi nikasikia msumeno. Nikatoka na aproni. Oonk alikuwa ndani ya kijito, maji mapajani, anakata lile gogo vipandevipande na kuviburuta ukingoni kwake. Matete alikuwa ameshayafyeka. Amefika katikati, amepita katikati, ameingia upande wangu, anazoa hata majani yangu machache. Anakohoa, jamani, kikohozi cha kweli safari hii.

"Toka majini, utakufa!" nikapiga kelele.

"Nikifa leo ni bahati yangu, bado hujahama." Akavuta pumzi. "Nenda kwa mwanao, Rieka. Nilikuwa mjinga. Bernard angenitia makofi."

Kipande cha mwisho kilipotoka, maji yalianza kukimbia. Bwawa la malishoni likapungua huku nikiliangalia. Nilifurahi, sitadanganya. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshapanga pa kuweka kabati langu kule Zwolle.

Wanunuzi walifika mchana, safari hii na gambuti mpya. Thijmen alipoona kijito akapiga mluzi. "Mama, umetenda muujiza!" Akanyoosha mkono palepale darajani.

Na mimi, mdomo huu, nikauliza, "Mtahamia lini?"

"Kuhamia? Hapana, mama. Ni ya wikendi. Tena wikendi za jua," akajibu.

"Na kijito?"

"Tutamlipa mtu aje na mashine."

"Na yule mzee? Akianguka Jumanne?"

Wakatazamana. Sterre ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa, mtoto wa watu. "Si kuna namba ya dharura, mama?"

Ipo. Hata inapokea haraka. Ila namba haijui kwamba Oonk hataki kuzikwa amevaa tai, wala kwamba anataka apitishwe njia ya kanisa la zamani na si barabara kuu. Ninayejua ni mimi. Na mkono wa Thijmen ulikuwa bado umenyooka pale, mweupe, safi. Nilitaka kuushika. Mungu ni shahidi, vidole vyangu vilishaanza kujikunjua.

"Nyumba haiuzwi," nikasema.

"Ni bei, mama? Tunaweza kuongeza kidogo."

"Si bei. Haiuzwi."

Oonk alisikia kutoka majini. "Rieka! Una wazimu? Mshike mkono!"

"We nyamaza! Toka humo!"

"Nimekuachia, mwanamke wewe! Si nimekuachia?"

"Ndiyo, umeniachia!" nikalia mbele ya wageni. "Ungeniziba ningekuchukia, nikauza kwa yeyote nikaondoka zangu! Sasa nitaondokaje?"

Akabaki amesimama mle ndani, reki mkononi. Wageni walipanda gari lao taratibu, kama watu wanaotoka msibani.

Nilipompigia Marloes, nilimweleza yote. "Mama, utafia huko," alisema.

"Si kabla yake."

Hakucheka. Akaniambia kwamba Jumatatu nyumba ile itapewa mtu mwingine. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu fulani, nami nikaibana simu sikioni nisipitwe na hata neno moja, mpaka akakata.

Jioni nikampikia Oonk supu ya njegere na mfupa wa nguruwe, maana kile kikohozi hakikuwa cha mchezo. Nikavuka daraja na sufuria mkononi. Chini yangu maji yalikuwa yanapita, safi ukingo hadi ukingo. Nikajikuta namwombea Oonk afe mapema. Nikashtuka, nikatubu palepale, karibu supu inimwagikie. Kabla sijafika mlangoni kwake nilikuwa nimeshamwombea tena.