Kilichobaki cha Onchiri

Jumanne saa nne asubuhi, Mong'ina aliweka simu ya marehemu mumewe juu ya meza ya Lynnet, fundi anayerekodi kwaya za Kisabato pale Awendo. Onchiri alikuwa akimrekodia mkewe ujumbe wakati kinu cha miwa kilipomkamata. Ripoti ya kiwanda ilisema alikuwa mlevi na kwamba hakuita msaada. Mlevi! Mtu aliyeogopa hata chai ya rangi.

"Hapa inasikika mashine tu," Mong'ina alisema. "Lakini najua yeye yuko ndani."

"Mashine haibadilishi mlio, mama. Tutatoa yake, tuone nini itabaki."

Lynnet aliichambua sauti mpaka ikawa mawimbi, kila wimbi na mtetemo wake, akayapanga mezani. Yale manene ya kinu aliyatupa kwenye beseni, nalo likaanza kunguruma. Mengine ya Onchiri yalikuwa yamenasa humo humo, hayakuokoleka. Yaliyosalia aliyajumlisha tena, kinyume cha alivyoyachambua, na Onchiri akarudi kwa kiasi hicho: kichwa, kifua, mkono wa kushoto. Mong'ina alimpangusa makapi ya miwa usoni.

"Bichage, zima! Zima, imenishika!" Onchiri alisema. Kisha, kinywani mwake mwenyewe, ikatoka sauti ya Bichage, msimamizi wake: "Ngoja kwanza hii lori ya miwa iishe."

Akaanza tena mwanzo. Alikuwa na sekunde nne tu.

Hasira zilimpanda Mong'ina. Alimfunga mumewe mgongoni kwa leso, akapanda bodaboda hadi kiwandani.

Kamati ya uchunguzi ilimsikiliza Onchiri mara tatu. Mwenyekiti alimpa pole. Bichage, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati hiyo, bila haya hata kidogo, aliandika kila neno kwa mwandiko mzuri, likiwemo lake. Halafu akasukuma karatasi mbele.

"Shahidi asaini," alisema. "Na ule mkono wa kulia alisainia kazi."

"Huo mko nao nyinyi!" Mong'ina alifoka. "Uko ndani ya sukari yenu!"

Mwenyekiti alitazama saa, akaandika kwamba shahidi hakusaini. Ripoti ikabaki ilivyokuwa: mlevi, hakuita msaada.

Kesho yake tangazo lilibandikwa langoni: kuanzia leo, ni marufuku mfanyakazi kuingia na simu.