Malkia Aliyekatwa Kichwa Chilangala

Sinema ile ilioneshwa mchana kweupe, ndani ya ghala la korosho la Chilangala, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Katibu Reginald hakutaka wanakijiji wa kijiji cha ujamaa wakeshe, kisha wasingizie usingizi kesho yake shambani. Filamu yenyewe ilimhusu malkia mmoja wa Ulaya aliyekatwa kichwa, na Katibu alikuwa ameambiwa huko Newala kwamba ni somo zuri juu ya mwisho wa makabaila.

Mwalimu Nikolao, aliyetoka Songea kufundisha kisomo cha watu wazima, alipewa kipaza sauti atafsiri Kiingereza. Maelekezo ya Katibu yalikuwa mafupi: lolote atakalosema malkia, Mwalimu aseme anakiri unyonyaji.

Mambo yaliharibika mapema. Malkia alikuwa mzuri kupita kiasi. Alipanda jukwaani na gauni jekundu lisilo na kunyanzi hata moja, kana kwamba gerezani kulikuwa na pasi. Ngoma zikalia taratibu, mkata vichwa akapiga goti kumwomba radhi, upepo ukalipeperusha shungi la bibi yule. Naye akaanza kuhutubia, bila haraka.

"Nimekula jasho la wakulima," akatafsiri Nikolao, huku malkia akimbusu mtumishi wake kwenye paji la uso.

Hakuna aliyemsadiki. Mama Veridiana, kiongozi wa akina mama wa kijiji, ndiye aliyetangulia kulia, na kilio kikasambaa mikekani. Shoka liliposhuka, picha ikahamia kwa njiwa waliokuwa wakiruka. Damu haikuonekana hata tone.

Ndipo Anselmo akanyoosha mkono. Alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mtu wa maneno machache.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Walimwacha aseme yote hayo? Jumbe wetu, askari wa Kireno walimkuta anavaa shati. Hawakungoja aingize mkono wa pili."

Nikolao alikitazama kipaza sauti. Katibu akatangaza kwamba maswali ni baadaye. Wananchi hawajaelewa, filamu irudiwe.

Husseni, fundi wa mitambo, alikuwa mvivu wa kuzima taa ya mtambo wa sinema, akairudisha filamu kinyumenyume ikiwa bado inamulika ukutani. Njiwa wakarudi kutua. Shoka likapaa, kichwa kikaruka kikakaa mahali pake, malkia akainuka, akashuka ngazi kinyumenyume hadi ndani ya jumba lake. Akina mama wakapiga vigelegele. Anselmo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja, na Nikolao hakuwa amewahi kumwona akicheka.

Kisha Anselmo akasimama, akasema hapo panatosha, akatoka. Mama Veridiana akakunja mkeka wake, akamfuata. Wengine nao wakatoka, wakimuaga Katibu kwa adabu walipompita.

Katibu hakubadili amri. Filamu ikaanzishwa upya, watazamaji wakiwa yeye, Nikolao na Husseni. Malkia alipofika jukwaani, Katibu akasogeza kiti chake karibu na Mwalimu.

"Hasa anasemaje huyu mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Anawasamehe, Ndugu Katibu. Na anaomba wanawe watunzwe."

Katibu akavua kofia, akaiweka magotini, akamwonya Nikolao asilitoe neno hilo nje ya ghala, ila aendelee kumtafsiria.