Kitufe cha Kinga

Wateja wa saluni walimwita kinyozi wao Ukuta, na wala si kwa sababu ya kifua, maana kifua chenyewe kilikuwa cha kuku mwenye mafua. Jina lilitokana na gemu moja ya kupigana aliyoanza kuicheza angali hana hata ndevu za kunyoa. Umpige ngumi, anakinga. Umpige teke, anakinga. Inasemekana jamaa mmoja alikaa akimshambulia mpaka nywele zake zikaota upya, ikabidi anyolewe mara ya pili ndipo atoke. Nani aliyesema? Ukuta mwenyewe.

Gemu yenyewe ilitoka toleo baada ya toleo, na watengenezaji wake walikuwa na tabia ya mama mkwe aliyekuja kutembea: hapati usingizi mpaka ahamishe sufuria zako. Toleo la kwanza lilikuwa na vitufe viwili tu, ngumi na teke. Ukitaka kujikinga, unarudi nyuma. La pili wakagawa ngumi kuwa nzito na nyepesi, na teke vilevile. La tatu wakaleta kitufe cha kinga, pale juu kulia, kidole cha shahada kinapopenda kupumzika, na hapo ndipo Ukuta alipojengwa. La nne wakaongeza mtupo: bonyeza kinga na ngumi kwa mpigo mmoja, unamkamata adui na kumrusha, hata awe amejikinga kwa zege.

Aliyekuwa akiubomoa ukuta ule kwa mtupo alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, fundi cherehani. Jumapili mchana, saluni ikishafungwa, dada mtu aliingia chumba cha nyuma, akavua viatu, akashika pedi ya gemu na kumrusha mdogo wake kama anayekung'uta mkeka.

Kisha kiharusi kikampitia dada. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, tena mkali kuliko mwanzo. Mkono wa kulia ndio uliorudi nusu: kidole gumba kilikubali kazi, vingine vikagoma. Cherehani akamwachia mwanafunzi wake. Gemu, alisema, hamwachii mtu.

Lakini mtupo ulitaka vitufe viwili kwa pamoja, na kidole kimoja hakiwezi kuwa mahali pawili. Jumapili ile ya kwanza alihangaika mbele ya ukuta usiotikisika, jasho likimtiririka, na Ukuta roho ikamuuma. Akalegeza kinga kidogo. Akalegeza tena. Dada akashinda.

Hakushangilia. Aliiweka pedi juu ya meza polepole, kama mtu anayerudisha chenji ya bandia.

"Umeniachia."

"Nani? Mimi? Dada, umenipiga kihalali."

"We mtoto, nimekubeba mgongoni, nikakufuta makamasi. Unadhani sikujui ukidanganya? Masikio yanakucheza." Akatafuta viatu vyake. "Ukiniachia tena, mimi na wewe basi mbele ya hiyo runinga. Nitakuja kumsalimia wifi yangu, niende zangu."

Wifi mtu, aliyekuwa akikunja taulo za saluni pembeni, alisubiri mlango ufungwe.

"Haya, mwema wetu. Umeona wema wako?"

Wiki nzima Ukuta alinyoa watu huku akiwaza, na mzee mmoja alitoka na kisogo chenye ramani. Akimkazia dada, anamnyanyasa. Akimlegezea, anampoteza. Mwisho akameza kiburi na kwenda kununua toleo la tano, lile alilokuwa akilitukana mbele ya wateja kuwa ni gemu ya wavivu. Humo mtupo ulipewa kitufe chake peke yake. Kidole kimoja, kazi imekwisha.

Jumapili iliyofuata dada alikuja na mdomo ameubetua, lakini alipojaribu kitufe kile na kuona mwanamieleka wake akimpeperusha mtu mzima hewani, mdomo ukanyooka.

"Ehee! Sasa kaa vizuri, mdogo wangu."

Ukuta akakaa vizuri. Ngumi ikaja, naye kidole chake cha shahada kikabonyeza pale juu kulia, palepale palipomlea. Mpiganaji wake akasimama wima, akajipangusa vumbi mabegani na kucheka. Ngumi ikamwingia ya uso.

Ikaja nyingine. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Jamaa akajipangusa tena, akacheka tena, akala teke. Watengenezaji walikuwa wamehamisha sufuria: kinga imerudi kwenye kurudi nyuma kama zamani za toleo la kwanza, na kitufe chake wamekifanya cha kumkejeli adui. Ukuta alilijua hilo, alikwishalisoma kwenye maelezo. Na kidole alikijulisha. Kidole hakikusikia. Mpiganaji alianguka chini huku angali anacheka.

Dada mtu akasimama.

"Safari hii unaniachia na kunicheka juu?"

"Dada, wallahi sijakuachia!"

"Mtu anakuja kupigwa, anajipangusa mabega?"

"Ni kitufe! Wamekihamisha! Mimi nabonyeza kinga, jitu lenyewe linacheka!"

"Na mimi nimezaliwa leo." Kiatu kimoja kilikuwa tayari mguuni.

"Wifi," mke wa Ukuta akaingilia, "mtazame basi. Huyu hata kulipia umeme hatoki jasho namna hii."

Dada akamtazama. Shati limemganda mgongoni, kope zinachezacheza. Akarudi kukaa, kiatu kikiwa kimoja.

"Cheza. Ila runinga siitazami."

Akamgeukia mdogo wake na kumkodolea macho mkononi, huku kidole gumba chake yeye mwenyewe kikibonyeza hovyohovyo bila kuona kinampiga nani. Kwenye runinga kulikuwa na vishindo na vicheko. Mkononi kulikuwa na kidole cha shahada kilichojikunja juu ya kitufe kile, kinakibinya mpaka ncha imepauka, kinaachia, kinabinya tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyohama. Kidole hakikuwa kinaigiza. Kilikuwa kinaogopa.

Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu kwa mkono wake mzima.

"Maskini wa Mungu! Na wewe mkono haukusikii!"

"Ndiyo nakwambia!"

"Pole, mdogo wangu. Najua hiyo." Akafuta machozi. "Haya, hakuna mahali pa kukirudisha hicho kitufe chako?"

Palikuwepo, kwenye mipangilio: mpangilio wa kizamani, kila mchezaji na pedi yake, bila kugusa ya mwenzake. Ukuta alikuwa amepaona, akaona haya kupagusa.

"Nikikirudisha, nitakinga, dada."

"Kinga. Nataka nikubomoe ukiwa mzima."

Akakirudisha. Wakapigana. Dada alipiga, Ukuta akakinga, dada akamrusha, wifi mtu akaacha taulo. Mwishoni kila mpiganaji alibakiwa na uhai wa kupulizwa ukazimika. Kidole gumba cha dada kikachelewa kidogo tu. Ukuta alikiona. Akapiga.

Mpiganaji wa dada akaanguka.

"Umempiga mgonjwa!" mkewe akamaka.

"Mgonjwa nani hapa?" Dada alikivua kile kiatu, akakisukuma chini ya meza na kuvuta kiti karibu na runinga. "Anzisha nyingine, we mwizi. Na masikio yako nayaona, yametulia."