Jino la Kufunika

Wanaume walikaa kwenye mkeka, wamelizunguka bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi kinywewacho barazani. Vasiti, mwenye saratani ya mapafu, aliketishwa nyuma karibu na mlango, yeye na beseni lake la kutemea, pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya muhogo. Ugomvi ni wake, lakini wa kuuzungumza ni wanaume.

Ilaitia, msimamizi wa dawa hospitalini, aliingia kwa magoti, amebeba kwa mikono miwili jino la nyangumi, lile la kuombea msamaha: likipokewa, kosa limefunikwa na halishtakiwi tena. Shati lake lilipigwa pasi likasimama lenyewe.

"Tumekosa," alisema kwa sauti laini, kama mtu aliyekuja kuposa. "Tunaomba mtufunike."

Tumekosa! Ati wao. Aliyeiba ni yeye peke yake. Uvimbe wa Vasiti ulipimwa, ukakutwa na alama ya vinasaba inayokubali vidonge vipya, kimoja kila asubuhi. Vikaja vya msaada, vya wagonjwa sita, na jina lake limo. Miezi minne aliambiwa dirishani, "Bado havijafika, mama, rudi mwezi ujao." Mpaka binamu yake Mereoni, muuguzi, alipolifungua daftari la dawa. Kila mwezi vidonge vya Vasiti vilichukuliwa, na pembeni kuna sahihi yenye mikia mirefu, isiyo yake. Vilikwenda kwa mama yake Ilaitia, naye mgonjwa wa mapafu. Vasiti aliposema anakwenda polisi, ndipo jino likatafutwa.

"Nina swali," alisema.

Visu vya muhogo vikasimama. Mzee Apenisa, baba yake mkubwa na kiongozi wa ukoo, hakugeuka. "Mwanangu, hapa mwanamke hasemi."

"Ila kukohoa naruhusiwa, eeh? Ilaitia! Mama yako anaendeleaje na vidonge vyangu?"

Ilaitia akainamisha kichwa. "Ametutoka mwezi uliopita, dada. Havikumsaidia. Yeye hakuwa na ile alama."

"Ulijua?"

Ilaitia akalisogeza jino mbele kidogo.

"Wewe ni mtu wa dawa. Ulijua?"

"Karatasi ya vipimo ilisema hivyo. Lakini ni mama yangu. Ningefanyaje?"

Loo! Miezi minne ya uhai wake imemezwa na mtu ambaye ingekuwa yale yale kama angemeza kokwa za papai. Usiku na mchana Vasiti alikuwa ameomba vimkwame kooni yule bibi. Bibi amekwenda zake. Amebaki huyu, na shati lake.

"Nataka ufungwe," alisema. "Nataka uoze huko ndani, utapike damu, uambiwe dawa bado haijafika."

"Nyamaza!" Mzee Apenisa alinyoosha mikono. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameajiriwa na Ilaitia hapo hospitalini, na ndani ya nyumba ile hakuna asiyelijua hilo. Akalipokea jino. "Tumepokea. Limefunikwa, asilifukue mtu."

Wanaume wakapiga makofi mazito. Vasiti akatema kwenye beseni.

Jumatatu askari wa zamu hakuifungua hata kalamu. "Shangazi, nasikia jino limepokewa. Sasa mimi niandike nini?"

Basi Vasiti akarudi, akaingia nyumbani kwa Mzee Apenisa, akalitungua jino ukutani. Akalibeba mchana kweupe, yeye mwanamke, kamba ya jino ikining'inia, hadi kwenye dirisha la dawa. Akaipita foleni yote, akalitua kwenye kaunta.

"Nililipwa hili kwa vidonge vyangu. Lichukueni. Nipeni vidonge."

Binti wa dirishani alirudi nyuma. "Mama, vya msaada vimekwisha."

"Niitie Ilaitia."

"Yuko mkutanoni."

Vasiti akaigeukia foleni. Pumzi ilikuwa ikimkata, lakini sauti ilitoka. "Nyie mnaoambiwa bado, bado! Ombeni daftari! Mtazame nani anawawekea sahihi!"

Mzee mmoja akatoa kadi yake mfukoni, akaanza kuikagua. Mwanamke nyuma yake akauliza kwa nguvu daftari liko wapi. Binti akateremsha pazia la dirisha.

Mlinzi alikuja mbio. Alipoliona jino akasimama, akavua kofia, akapiga makofi matatu kama inavyopasa. Akaliinua kwa mikono miwili, taratibu, akalilaza kwenye kitambaa safi. Halafu akamkamata Vasiti kwapani, akamburura hadi nje.