Mshika Taulo

Gari lilikuwa limeshatoka mji wa Dewsbury, limeshika barabara ya kwenda pwani, Barry Oldroyd alipopunguza mwendo akaanza kutafuta pa kugeuzia.

"Nini tena?" mkewe, Glenda, akauliza.

"Mlango wa nyuma."

"Umeufunga. Nimekuona. Umeutikisa mpaka vikombe vya kabatini vikalia."

"Kuufunga nimeufunga. Ila sina hakika kama nimeufunga vizuri."

Wakarudi. Mlango ulikuwa umefungwa. Barry akautikisa tena, safari hii kama anayeuaga, ndipo wakaanza upya. Mawingu nayo yalikuwa yamepata muda wa kujipanga.

Chini ya sweta na suruali Glenda alikuwa amevaa nguo ya kuogelea ya bluu, na mikanda yake ilikuwa imeanza kumkata mabegani. Wiki iliyofuata angefanyiwa upasuaji wa nyonga, na hakuna daktari aliyethubutu kumwambia atatembea vipi baada ya hapo. Kabla ya siku hiyo alitaka jambo moja tu: aingie baharini kwa miguu yake mwenyewe. Si kwamba pwani alikuwa haijui. Walikwenda kila kiangazi. Lakini tangu alipozaa mtoto wa kwanza, kazi yake ilikuwa kushika taulo. Watoto waliingia, Barry akaingia, wajukuu nao wakaja wakaingia, na yeye kasimama pale ukingoni, mikono mbele, kama kamba ya kuanikia nguo.

Alikuwa amemwambia Barry. Barry akajibu, "Sawa, mama, tutaona." Katika nyumba ile, hilo lilikuwa hapana tu, lililochana nywele.

Walipofika Scarborough, mji wa kwanza wa pwani, maegesho yalikuwa ya kulipia, na Barry akasema hawezi kulipa ili gari likae. Filey kulikuwa na upepo. Walilala huko, na asubuhi Glenda akaivaa tena ile nguo ya bluu chini ya sweta. Bridlington maji yalikuwa yamekupwa.

"Bahari yenyewe imeondoka," Barry akasema. "Utaogelea matope?"

"Tungoje irudi."

"Tukingoja tutakosa Hornsea."

Hornsea mvua ikanyesha. Kila walipofika ilikuwa vilevile: Barry analigeuza gari likatazama maji, anazima injini, anatoa chupa ya chai na slesi za mkate wenye mayai, na wanakula mpaka vioo vinaingia ukungu. Kisha anafuta duara dogo kwa kiwiko, anachungulia.

"Haya. Bahari hiyo. Tumeiona."

"Nimeiona kupitia kioo, Barry. Hata nyumbani ninayo, kwenye kalenda."

"Ya kwenye kalenda haina harufu."

"Na hii je? Mimi nanusa mayai tu."

"Ungependa ya samaki, ungesema mapema."

Glenda aligeuka akatazama nje upande wake. Alihisi angeweza kuling'oa lile duara la kioo kwa meno.

Siku ya mwisho walikuwa Withernsea. Mvua ilikuwa imekatika na maji yalikuwa yamejaa, karibu kabisa. Ukingoni magari yalikuwa yamejipanga safu moja, pua kwa bahari, na ndani ya kila gari mume na mke na chupa ya chai. Barry akajipenyeza kwenye nafasi iliyobaki. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta mkate Glenda alipofungua mlango.

"Unaingiza baridi, mama."

Glenda akateremka. Akavua sweta, akavua suruali, taratibu, huku ameegemea gari kwa ajili ya nyonga, kisha akazitupa kitini. Katika gari la jirani mwanamke mmoja akateremsha kioo.

"Kipenzi, umerukwa na akili?"

"Bado. Lakini nikikaa humo dakika moja zaidi, nitarukwa."

"Basi nenda, mpenzi! Wangu mimi amelala, angeona angekufa." Baadaye alijitambulisha kuwa anaitwa Pauline.

Glenda akachukua taulo kiti cha nyuma akamtupia Barry mapajani. "Leo shika wewe."

Maji yalimchoma kama viwembe. Alipiga kelele, akaendelea, na yalipomfika kifuani akaacha kupiga kelele. Nyonga haikuuma. Kwa muda mfupi hakuna kilichouma mwili mzima. Kisha wimbi likampiga ubavuni, likamrudisha nyuma, akaanguka, na alipotaka kusimama mguu ukakataa.

"Barry!"

Alimwona akitoka garini. Alimwona akikimbia, tumbo likitangulia. Kisha akamwona akisimama, akigeuka, akirudi kulifunga gari na kuvuta kitasa kuhakikisha. Aliyaona yote hayo kwa macho yake, huku akitema chumvi.

Barry alipomfikia, viatu vikiwa bado miguuni, jambo la kwanza Glenda alimwambia lilikuwa, "Umerudi kufunga gari!"

"Mkoba wako umo mle!"

"Mimi nazama!"

"Huzami. Maji yako kiunoni. Shika shingo, acha kunipiga!"

Wakafika nchi kavu wakikokotana na kugombana, safu nzima ya magari ikiwatazama kwa heshima, hakuna aliyepiga honi.

"Taulo liko wapi?" Glenda akauliza, meno yakigongana.

Barry akatazama gari. Taulo lilikuwa juu ya usukani, kavu, limekunjwa vizuri. Pembeni yake chai, na nguo zote. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Akaingiza mfuko wa pili. Kisha akageuka taratibu kutazama bahari.

"Usiniambie," Glenda akasema.

Barry hakumwambia.

Pauline aliwaingiza kwenye gari lake akawafunika blanketi la mbwa. Ufunguo wa akiba ulikuwa Dewsbury, ndani ya droo ya jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa vizuri mno. Na ufunguo wa nyumba ulikuwa pete moja na ule wa gari. Barry alimpigia mkwewe, Craig, kwa simu ya Pauline.

"Uvunje," akasema. Craig akauliza upi. "Ndiyo, wa nyuma."

Craig aliuvunja mlango kwa teke moja, akafika na ufunguo giza likiingia. Wiki iliyofuata Glenda alifanyiwa upasuaji. Nyonga ilikaa sawa, ila sasa anatembea na fimbo. Ufunguo haukupatikana. Pauline huwatumia kadi kila Krismasi. Mume wa Pauline hakuamka siku ile, na mpaka leo haamini kisa hicho. Barry aliweka mlango mpya wenye makomeo mawili. Kiangazi kilichofuata walirudi Withernsea, Glenda akaingia mpaka kiunoni, na Barry akasimama ukingoni na taulo. Gari alilifunga kwanza.