Koti la Meneja

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na miezi saba sebuleni kwa kaka yangu, nikilala kwenye kochi lililonipinda mgongo, na wifi yangu alishanipa majembe yote aliyokuwa nayo. Kwa hiyo kiwanda cha kushona sare kilipotangaza nafasi ya mkaguzi wa nguo, nyumba nzima iliniombea, kila mtu kwa sababu zake. Mimi nilitaka chumba chenye mlango. Basi, mlango nitakaoufunga mwenyewe.

Wifi alinifunda kama bibi harusi. "Tabasamu. Wakisema chochote, wewe sema ndiyo. Na huo mdomo wako uuache hapa kwenye kochi."

Usaili ulikuwa kwenye kijichumba chenye joto, nyuma ya meza za kukatia vitambaa. Walikuwa wawili: mama wa utumishi, aliyeandika hata nilipopiga chafya, na meneja aliyevaa koti la bluu. Waliniuliza udhaifu wangu ni upi. Nikajibu kwamba nafanya kazi kupita kiasi. Uongo mtupu, Mungu anajua, lakini mama yule aliuandika vilevile.

Mara meneja akanyoosha mkono kuchukua glasi ya maji. Koti likamvuta, mkono ukaishia katikati ya meza. Akakunja uso, akajikanda bega. Nikautazama mshono wa begani. Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye cherehani. Macho yangu hayana adabu.

"Una swali lolote?" akaniuliza.

Nilitakiwa kusema hapana, asante.

"Hilo koti nani alikushonea?"

Kalamu ya mama wa utumishi ikasimama.

"Mke wangu," alisema meneja. "Kwa nini?"

Hapo nikauona mlango wangu unaota mbawa. Mwenye akili angelisifia koti, akaaga.

"Mikono imebadilishwa, bosi. Wa kushoto kaushona kulia, wa kulia kaupeleka kushoto. Bega linakuuma?"

"Tangu mwaka jana."

"Ulipoanza kulivaa?"

Akauangalia mkono wake kama mali ya mtu mwingine.

"Mwaka mzima najipaka dawa," akasema taratibu. "Nimepigwa picha ya mfupa. Mara mbili!"

Mama wa utumishi akainamia karatasi zake, akitetemeka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Niliogopa, maana nani hupewa kazi kwa kumkosoa mke wa bosi? Nikaanza kukusanya vyeti vyangu.

"Kaa chini," meneja akasema. "Mke wangu asijue nani kaniambia."

"Hatajua."

"Unaweza kuanza lini?"

Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa kiganja bila aibu. Kisha nikalitazama lile koti.

"Sasa hivi," nikamwambia. "Livue."