Vigingi vya Bwana Mifugo

Eliaichi wa kijiji cha Mhezi alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, na ng'ombe mwenyewe alikuwa na mimba. Angezaa mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kikali, ndiyo maana tangu masika bibi huyu hakugusa hata jani moja la mteremko ulio juu ya nyumba yake. Alilisha upande wa chini, wa juu akauacha upumzike hadi ng'ombe azae; mwakani angegeuza zamu. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo: "Ardhi nayo hunyonyesha. Usiikamue kila siku."

Mwezi wa nane akapanda Bwana Mifugo kutoka Same, Mzungu mwenye soksi ndefu na kitabu kilichojua udongo wa nchi nyingine. Aliviona vilima vya majirani, vyekundu kama kidonda, akasikitika. Kisha akauona mteremko wa Eliaichi, akafurahi.

"Malisho haya yamelala bure!" alisema, na karani wake Hezroni, Mpare wa Gonja, akatafsiri kwa sauti ndogo. "Kuanzia Jumatatu, ng'ombe wa kijiji chote walishwe hapa. Serikali inaokoa udongo."

Eliaichi alipiga hesabu haraka. Siku tatu tu zingetosha kuumaliza mteremko, na ndama wake angezaliwa kwa mama asiye na maziwa.

Shemeji yake Danieli, mwenye ng'ombe ishirini, alishaanza kutabasamu. "Shemeji, ng'ombe mmoja na kilima kizima? Unamlisha au unamposa?"

"Na wewe, ng'ombe ishirini na kilima kipara. Unalisha au unanyoa?"

Watu wakacheka. Bwana Mifugo hakuelewa, ila alicheka nao, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akataka vigingi vya kuonyesha lango, wachungaji wajue pa kuingilia.

"Nitakata mimi," Eliaichi alisema upesi.

Akarudi na mzigo wa mashina mabichi ya mmea wa sale, yenye majani yake kichwani. Mpare hahitaji kuelezwa: ukichomekewa sale mbele yako, kuna mtu anakusihi, na ombi hilo halirukwi. Hezroni aliyatazama masale, akamtazama bibi, akakohoa.

"Kuna nini?" Bwana Mifugo aliuliza.

"Ni imara, bwana. Hakuna atakayepita bila kuyaona."

Bwana Mifugo akayachomeka kwa mikono yake mwenyewe, mstari mmoja ulionyooka.

Jumatatu alfajiri Danieli akafika na ng'ombe wake ishirini, mbavu nje. Akasimama mbele ya masale. Ng'ombe walilia, kwa kuwa harufu ya majani waliisikia. Danieli akavua kofia, akawageuza.

"Ameomba," aliwaambia waliomfuata nyuma. Nao wakageuza wa kwao.

Mwezi wa kumi Bwana Mifugo akarudi. Majani yalimfika magotini, na vigingi vyake vilikuwa vimeota mizizi. Akachimba kwa kidole: udongo mweusi, baridi, una nyungunyungu.

"Unaona, Hezroni? Mpango wangu!"

"Naona, bwana."

Akaandika ripoti ndefu, akaamuru kila mwenye ng'ombe achomeke vigingi vya namna hiyo hiyo kwenye nusu ya malisho yake. Wazee wakakubaliana kwamba hii ndiyo amri ya kwanza yenye akili tangu serikali ije.

Ndama alikuwa na wiki mbili. Eliaichi alijaza maziwa kibuyu cha Hezroni, na kikubwa zaidi akampelekea Danieli. Bwana Mifugo naye alipata kikombe, kwani vigingi alivichomeka vizuri.